Mafuta na Msiba: Uhakiki wa Under the Waves

Makala haya yanakusudia kuchambua Under the Waves, mchezo wa kompyuta uliotungwa na Parallel Studio ya Ufaransa na kutolewa mwaka 2023. Mhusika mkuu, Stan, ni mzamiaji wa kampuni ya mafuta iitwayo UniTrench katika Bahari ya Kaskazini, katika miaka ya 1970 ya kubuniwa. Amefiwa na binti yake. Kazi yake ni kukagua na kutengeneza mabomba na mitambo iliyo vilindini.

Kifani, watunzi wamefaulu. Giza la maji limebeba huzuni ya Stan, na bomba livujalo lafanana na kidonda kisichopona. Mchezaji huogelea polepole akiokota takataka, naye huuona uharibifu kabla ya kuelezwa.

Kimaudhui, hata hivyo, pana pengo. Uchafuzi umefanywa kuwa jambo baina ya mtu mmoja na mwajiri wake. Wavuvi na vijiji havimo. Msomaji wa Matulo, aliyeishi jirani na Mto Nzoia na kiwanda cha karatasi cha Webuye hadi kiliposimama mwaka 2009, anajua kwamba uchafu hunuswa na kijiji kizima. Huko Thange, Makueni, mwaka 2015, mafuta ya bomba yaliingia katika maji waliyoyategemea watu. Penye watu, anayeugundua uvujaji mapema huenda akawa mama aliyekwenda kuteka maji. Kazi ya sanaa inayomwacha mama huyo nje, hata ikipendeza namna gani, imeueleza msiba bila wafiwa wake wengi.