Ramani ya Ukutani

Saa mbili asubuhi fundi alikuwa ameshaupiga msasa ukuta wote, na vumbi la rangi ya zamani limemtulia kwenye nyusi. Ramani ya Tanzania aliyokuwa anaifuta ilichorwa kabla ya 2012. Haikuwa na Geita, Katavi, Njombe wala Simiyu, na Songwe, mkoa wa 2016, ndiyo usiseme. Watoto wa shule hii ya msingi ya Dar es Salaam walikuwa wakikariri mikoa 31 darasani, wakitoka nje wanakuta imepungua.

Siku za kazi fundi huandika mabango ya maduka na saluni. Usiku huchora picha zake mwenyewe za Tingatinga. Jumamosi huja hapa, bila malipo. Uchoraji aliupata kwa kukaa nyuma ya wakubwa pale Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wachoraji waliomfuata Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli na vipande vya hadibodi.

Ukuta ulipopata rangi nyeupe ya chini na kukauka, alipaka uzi chaki ya buluu. Mwanafunzi mmoja akashika ncha, fundi akauvuta kwa vidole viwili, akauachia. Pah! Mstari umenyooka. Akarudia mpaka ukuta mzima ukawa miraba, kisha akahamisha ramani kutoka kwenye atlasi, mraba kwa mraba. Pwani ndiyo iliyomtesa. Kuanzia Tanga hadi Mtwara alifuta kwa kiganja mara nyingi kuliko alivyochora, na hakununa hata mara moja.

Kisha rangi ya mafuta. Nilidhani angeanza juu ashuke. Wapi! Alipaka Kagera, akaruka hadi Lindi, akarudi Tabora, akamalizia Tanga, akafunika makopo. Mikoa isiyopakana. Rangi mbili mbichi zikigusana mpakani huwa tope, kwa hiyo Katavi na Morogoro zikasubiri Jumamosi iliyofuata. Hata picha zake huenda hivyohivyo: mandhari leo, mwili wa chui kesho, madoa keshokutwa.

Mipaka aliichora kwa brashi aliyoipunguza nywele kwa wembe hadi zikabaki chache. Kidole kidogo kiliegemea ukuta, mkono ukatembea, pumzi ikasimama. Alipofika kwenye kona ndiyo akapumua. Watoto waliokuwa wakipiga kelele nyuma yetu walinyamaza bila kuambiwa, na mimi nikajikuta nimeshika pumzi pamoja naye.

Songwe ni mwembamba, jina lingeweza kuparamia mkoa wa jirani. Fundi hakuanza na S. Aliandika N na G katikati, akaongeza O kushoto na W kulia, mwisho S na E. Nafasi iliyobaki pande zote mbili ilikuwa sawa, na rula hakuigusa. Mimi hulipia mabango ya kuchapwa kwa mashine, tena bila kulalamika, lakini sijawahi kusimama kuyatazama yakitengenezwa.

“Fundi, mbona Zanzibar bado nyeupe?” akauliza yule mshika uzi.

“Bahari mbichi, mwanangu.”

Mikoa mitano ya Unguja na Pemba itapakwa Jumamosi ijayo, buluu ikishakauka.