Hawala ya Ibrahima Dieng

Msomaji, huenda umezoea kudhani kwamba hadithi ya siasa haiwi hadithi pasipo mfalme, waziri, askari au mkutano wa hadhara. Ousmane Sembène wa Senegal, aliyezaliwa 1923 na kufa 2007, hakuwahitaji hao alipotunga sinema yake Mandabi ya mwaka 1968, miaka minane baada ya nchi yake kupata uhuru. Alikuwa amekwisha kuandika riwaya kwa Kifaransa. Lakini wengi wa watu aliowaandika hawakuweza kuzisoma, ndipo akaenda Moscow kujifunza kazi ya sinema. Katika Mandabi watu husema Kiwolofu, lugha ya soko na nyumba za Dakar.

Kisa chenyewe ni chepesi. Ibrahima Dieng, mtu asiye na kazi, mwenye wake wawili, aletewa hawala ya posta ya faranga 25,000 na mpwa wake afagiaye barabara za Paris. Fungu la Dieng ni 2,000 tu. Dada yake ana 3,000, na zilizosalia ni akiba ya kijana. Posta yamtaka kitambulisho (kipande, kama wengi wetu tusemavyo). Hana. Polisi wamtaka cheti cha kuzaliwa. Karani wa mji amtaka siku aliyozaliwa. Aijue wapi? Kukisia mwaka hakutoshi. Mpiga picha amla pesa wala picha hampi, na huku majirani wamekwisha kufika kuomba mchele, kwa kuwa habari ya hawala imewafikia.

Angalia ustadi uliomo. Serikali haionekani kabisa. Laonekana dirisha la karani. Kila karani asema neno ambalo kwa sheria ni sawa, kwa hiyo hatumpati dhalimu mmoja wa kumchukia tukatua moyo. Tena Dieng si malaika: ni mlafi, mwenye majivuno, na wake zake huwaamrisha kama watumishi. Lau angefanywa mwema mtupu, tungalilia kidogo tukaenda zetu.

Wala nguvu ya karatasi si mzaha. Mwaka 1977 serikali ya Rais Senghor iliizuia sinema nyingine ya Sembène, Ceddo, na hoja iliyotolewa ilikuwa tahajia ya jina: herufi d iwe moja, si mbili. Karani wa dirishani alikuwa amemfikia mtungaji mwenyewe.

Mwisho wa Mandabi ndio unaonitia shaka. Mbaye, jamaa aliyesoma, apewa hati ya wakala, azichukua fedha, kisha adai ameibiwa. Dieng aapa kwamba naye atakuwa mwizi na mwongo. Mchukua barua amjibu kwamba nchi itageuzwa, na wa kuigeuza ni wao wenyewe. Kwa maoni yangu, hapo mtungaji ameiacha hadithi akapanda mimbari. Saa nzima na zaidi alikuwa ametuamini tuone wenyewe. Kwa nini atuhubirie dakika ya mwisho? Wako watakaomtetea, kwamba mtu aliyekwisha kuvuliwa kila kitu hastahili kuachwa bila neno. Labda. Lakini wao pia wakumbuke kwamba mchukua barua huyo ni mtumishi wa serikali ile ile, na ndiye aliyeileta hawala mlangoni.