Lugha Si Kamba ya Kufungia Watu

Kijana mmoja wa mtaa wetu alinijia jioni na swali. «Mwalimu, nasikia Warusi wanatoa nafasi za masomo makubwa kwao, nao wanafundisha lugha yao kwanza. Nijifunze, ao ni mtego?» Wazee walisema: cha bure ni ghali. Lakini sikupenda kumjibu kwa methali tu.

Wasomaji wapenzi, tuanze na haki. Kirusi ni lugha tajiri. Pushkin, mshairi wao mkubwa, alikuwa kitukuu wa Abram Gannibal, mtu wa Afrika aliyepelekwa Urusi akingali mtoto. Tena kutangaza lugha si kazi ya Warusi peke yao. Wafaransa walianzisha Alliance Française mwaka 1883, Waingereza British Council mwaka 1934. Na sisi Wakongo, Kifaransa tulikipata kwa Wabelgiji bila kuulizwa. Basi, kufundisha lugha si kosa.

Kosa liko wapi? Mwaka 2007 Rais Putin aliunda shirika la kueneza Kirusi katika nchi za nje, jina lake Russkiy Mir. Neno «mir» lina maana mbili: ulimwengu na amani. Jina zuri! Lakini serikali ilifika kusema hivi: penye wasemaji wa Kirusi, hapo tuna haki ya kuwalinda. Neno hilo lilisemwa Crimea ilipotwaliwa mwaka 2014, likasemwa tena vita vikubwa vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022. Kumbe, Kharkiv na Mariupol, miji iliyopigwa vibaya kwa mabomu, ni miji ambamo watu wengi walisema Kirusi nyumbani mwao. Hao ndio waliosemwa kwamba wanalindwa! Tangu hapo Waukraine wengi wameacha Kirusi kwa hiari yao, hata mbele ya watoto wao. Tazameni basi: waliotaka kuikuza lugha kwa nguvu wameipunguza wao wenyewe.

Jambo hili lina mizizi ya zamani. Mwaka 1863 waziri Valuev alikataza kupiga chapa kwa Kiukraine vitabu vya dini na vya kufundishia watu wadogo. Mwaka 1876 mfalme Alexander wa Pili akaongeza ukali. Mimi ninafundisha katekisimu kwa Kiswahili. Nikisoma habari hiyo, moyo wangu unashtuka. Anayemnyima mtu kumwomba Mungu katika kitabu cha lugha ya mama yake hamfundishi lugha nyingine. Anamnyamazisha.

Na sisi Wakongo jambo hili linatugusa. Mwaka 1960 chuo kikubwa kilifunguliwa Moscow kwa vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Mwaka 1961, Lumumba alipokwisha kuuawa, walikipa jina lake. Waafrika wengi walitoka huko waganga na wainjinia, nasi tuwashukuru waalimu wao. Lakini mwaka 1992 jina la Lumumba liliondolewa. Mwaka 2023 likarudishwa, wakati Ulaya ilipokuwa imewafungia Warusi milango nao wakitafuta marafiki katika Afrika. Mimi naona hivi: jina la marehemu wetu lilivuliwa kama koti wakati wa joto, likavaliwa tena baridi iliporudi. Urafiki wa namna hiyo tuupime vizuri kabla ya kuusifu.

Basi, nilimjibu kijana yule nini? Nilimwambia: «Jifunze, mdogo wangu. Lugha haina dhambi. Msome Pushkin, usome uganga, rudi utusaidie. Lakini uangalie mambo mawili. La kwanza, usiache Kiswahili wala lugha ya mama yako. Anayeingia nyumba ya jirani habomoi yake. La pili, mtu akikuambia kwamba kwa kuwa unasema Kirusi wewe ni wa serikali yake, mjibu kwa heshima kwamba umejifunza lugha, hukuuza nchi. Na jibu hilo umpe kwa Kirusi safi, asikie vizuri.»

Kijana alicheka, akaenda zake. Naye akisikia neno hilo hilo kwa Kifaransa, kwa Kiingereza ao kwa Kichina, jibu lake liwe lile lile.