Nani Amekwambia Uitazame?

Ukiwauliza watu waliijuaje filamu wanayoipenda kuliko zote, wachache watakwambia waliona bango au tangazo. Wengi watamtaja mtu. Kaka aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni. Shoga wa saluni. Kinyozi. Mpangaji wa chumba cha pili. Mtu huyo alisema maneno mawili matatu, akanyamaza mahali panapostahili, na tangu hapo wewe hukutulia mpaka filamu ikapatikana. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu. Waigizaji tunawapa sifa zao, waongozaji pia, hata wapiga picha siku hizi wanatajwa. Lakini anayetoka kuangalia filamu akaja kutuambia "hii usiikose" hatumhesabu kuwa fundi, ilhali ufundi anao, wenye kanuni zake, na aibu yake pia pale anapoukosea.

Chukua Sholay. Ilipotoka India Agosti 1975, wahakiki hawakuipokea vizuri, na siku za mwanzo wenye filamu waliingiwa na wasiwasi hadi wakafikiria kuipiga upya sehemu moja kubwa ya hadithi. Kilichoiokoa ni midomo ya watu. Waliokwisha kuiona walirudi majumbani na makazini wakasimulia. Waliosimuliwa nao wakaenda, wakatoka wakasimulia wengine, mpaka ukumbi wa Minerva mjini Mumbai ukaendelea kuionyesha kwa miaka 5. Kalamu zilishindwa na vinywa, na vinywa hivyo havikulipwa na mtu.

Sasa jiulize, watu hao walikuwa wanasema nini? Kwa sababu Sholay ni rahisi sana kuisimulia vibaya. Asiyejua ataanza: kuna mzee mmoja, zamani alikuwa askari polisi, anawatafuta wezi wawili wamkamatie jambazi Gabbar Singh, kwa sababu Gabbar zamani alimfanyia hivi na hivi, halafu... Akifika hapo kwenye "halafu" ameshakuchomolea moyo wa filamu na kukuachia mifupa. Anayejua atakwambia hivi: "Mwangalie yule mzee, Thakur. Angalia shali yake." Basi. Utaingia kwenye filamu ile, iliyopigwa kwenye miamba ya Ramanagara huko Karnataka, jua linawaka, mawe na vumbi, na jicho lako litakuwa kwa mzee aliyejitanda shali. Utajiuliza joto lote hili shali ya nini. Utasahau. Utaikumbuka tena. Na itakapofika saa yake utakuwa ulishaandaliwa bila kujua, na pigo litakuwa zito kuliko kama usingeambiwa kitu. Akitaka kukuongezea, atasema: "Na ile sarafu ya Jai, mmoja wa wale wezi wawili, usiidharau." Nami naishia hapo hapo. Kama hujaiona Sholay, shali na sarafu vinakutosha.

Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya ufundi huu, na kwa maoni yangu ndiyo ngumu kuliko zote: kumpa mtu kitu cha kushika bila kumpa kilichomo ndani yake. Ugumu wake ni kwamba anayependekeza filamu amejaa. Ametoka kuona jambo lililomtikisa na linataka kumtoka. Kujizuia katika hali hiyo ni upendo hasa, maana anaikata raha yake ya kusema ili mwenzake abaki na raha ya kuona.

Na wasikilizaji hawamsaidii. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulifundishwa na wakubwa zetu kwamba stelingi hafi. Ilikuwa kama sheria ya nchi. Kwa hiyo swali la kwanza anapoulizwa mtu aliyeona filamu mpya ni lile lile: "Stelingi anakufa?" Hapo ndipo utamjua fundi. Akisita kidogo tu, kimya chake kimeshajibu. Akisema "siwezi kukwambia", amekwambia. Fundi hujibu papo hapo, kwa sauti ile ile anayoitumia kwa filamu zote, awe stelingi anapona au anazikwa: "Wewe kaa mpaka majina yaanze kupanda." Nimewahi kumsikia kijana mmoja akijibu hivyo kuhusu filamu ya mapigano ambayo kila mtu pale alishaijua isipokuwa mtoto mmoja, na wote waliokuwepo wakamlindia yule mtoto siri yake, hakuna aliyecheka wala kukonyeza. Heshima ya namna hiyo haifundishwi shuleni.

Unguja ya miaka ya 1950 walilijua jambo hili vizuri. Jumapili ilikuwa siku ya sinema, tiketi ziligombaniwa, na filamu za Kihindi zilipendwa na watu ambao wengi wao hawakujua Kihindi hata neno. Mwanahistoria Laura Fair, aliyekusanya kumbukumbu za watazamaji wa Tanzania katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, anaonyesha jinsi mazungumzo ya baada ya onyesho yalivyokuwa sehemu ya starehe yenyewe. Filamu haikuisha taa zilipowashwa. Ilihamia barazani na uani, na kwa wanawake waliohudhuria maonyesho yao maalumu ikaingia majikoni na kwenye vibaraza vya ndani. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilikaa midomoni miaka na miaka. Sababu naiona mimi: Awara inauliza kama tabia ya mtu inatokana na damu aliyozaliwa nayo au malezi aliyopewa. Ukiwa na swali kama hilo huhitaji kueleza nani alimfukuza mkewe na nani akawa mwizi. Unamwambia jirani, "Kuna jaji mmoja anaamini mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Nenda kaone dunia inamjibuje." Jirani ana watoto, ana wakwe, ana lake la kusema juu ya damu na malezi. Atakwenda.

Ndiyo maana nasema hadithi ya filamu si kitu cha kumpelekea mtu. Mpelekee swali lake, au mpelekee kitu kimoja cha kuangalia. Hadithi ataikuta huko huko.

Kanda hii yetu ilifika mahali ufundi huo ukawa kazi ya kulipwa. Dar es Salaam tulikuwa na Lufufu, jina lake kamili Derek Mukandala, aliyeingiza sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani, na kanda zake zikakodishwa hadi vijijini. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana VJ Jingo na wenzake, kwa Kiganda. Watu wa nje huwaita wafasiri, lakini anayewasikiliza anajua wanafanya zaidi ya hapo. Wanakaa pembeni yako wakikuambia umwangalie yupi, umshuku nani, ushike moyo wapi. Ukiisikia kanda iliyosimuliwa vizuri utagundua kwamba msimulizi ameshaiona filamu yote na anajua kila litakalotokea, lakini anajifanya anaiona na wewe. Anashangaa unaposhangaa. Anamgombeza stelingi kwa kugeuza mgongo. Kumbe mwisho anaujua tangu asubuhi! Kujua na kujifanya hujui, kwa ajili ya mwenzako, ni kazi nzito, nao waliifanya kwa saa mbili mfululizo.

Na kuna filamu moja inayomweka mtu wa namna hii katikati ya picha. Ni Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Gitonga, anayejulikana kama Tosh. Mwas, kijana wa kijijini anayeota kuwa mwigizaji, anauza filamu za mapigano za ughaibuni. Wateja wake hawauziwi jalada. Anawaigizia. Anarusha mateke, anabadilisha sauti, anakuwa adui na stelingi kwa wakati mmoja, hapo kwenye vumbi, mpaka mtu anatoa hela mfukoni. Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, alipata tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban mwaka huo huo, na mimi kila nikiiangalia sehemu ile naona tuzo ilianzia pale. Mtazame usoni. Mwas hawadanganyi watu wale. Anaiamini kila filamu anayoiuza, na wanaona anaiamini. Atakachokutana nacho akifika Nairobi ni habari nyingine, na nitaiacha. Nakupa moja tu: angalia mikono yake inafanya nini kila anapolazimika kuwa mtu mwingine.

Kuna upande wa pili wa ufundi huu ambao hauhusu filamu hata kidogo. Unamhusu anayeambiwa. Nenda kwenye vibanda vya mjini ambako vijana wanakujazia muvi kwenye flashi, umkute aliye hodari wa kazi hiyo. Hatakuuliza unataka muvi gani. Atakuuliza ya mwisho kukufurahisha ilikuwa ipi, na unaangalia na nani. Akisikia mama mkwe yupo nyumbani, orodha inabadilika papo hapo. Akisikia umetoka msibani, hakuwekei ya kuchekesha. Wengi wangeweka, wakidhani wanakuliwaza. Yeye atakuwekea kitu cha taratibu, chenye watu wanaoongea chini chini, akijua kwamba mwenye huzuni huchoka haraka akilazimishwa kucheka. Atakuongezea na ya watoto bila kuombwa. Kijana huyo hajasomea uhakiki, lakini anasoma watu, na bila hilo ujuzi wote wa filamu hauna faida kwa mwingine. Filamu nzuri aliyopewa mtu asiyeihitaji siku hiyo itaonekana mbaya, na pengine hatairudia maisha yake yote.

Saluni za kusukia wanalijua hili vilevile. Tamthilia za Kikorea, za Kifilipino na za Kituruki zimesambaa kupitia vidole vinavyosuka. Msusi anasimulia, anapima mteja anavyoitikia, anapunguza au anaongeza. Akigundua mteja ana mgogoro na wifi yake, atatafuta ile yenye wifi.

Halafu ukweli. Mtu anayesifu kila filamu baada ya muda hasikilizwi, hata siku atakayokutana na lulu. Anayeponda kila kitu naye vivyo hivyo. Pendekezo lenye uzito lina sifa na lina kasoro, na kasoro inatajwa mapema ili ikikutana na mtazamaji isimgeuze nia. Vuta N'kuvute, kwa mfano. Amil Shivji aliitoa mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi, nayo ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya Mwingereza, na Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mume mzee, anakutana na Denge, kijana wa siasa. Mimi naisifu kwa nguvu zangu zote. Sijaona filamu nyingine ya Kiswahili iliyojua kukaa na giza namna ile, taa ndogo, jasho shingoni, vichochoro vya Mji Mkongwe vinavyobana mpaka wapendanao hawana pa kupishana. Lakini ninapompendekezea aliyeisoma riwaya ninamwambia mapema: ni saa moja na nusu tu, usimtafute kila mtu uliyemzoea kitabuni, wengine hawamo na wengine wanapita tu. Na ninapompendekezea aliyezoea mbio na mateke, namwambia inakwenda pole pole, asiianze akiwa na usingizi. Wote wawili wakiambiwa hivyo wanafika salama. Nisipowaambia, wa kwanza atalalamikia kilichokosekana na wa pili atalala, na kosa litakuwa langu, si la Shivji.

Kuna watu wanaodhani ushauri wa aina hii umepitwa na wakati, kwa kuwa sasa simu yenyewe inakuchagulia: umeona hii, basi ona na ile. Sikubaliani. Mashine inajua ulichokiangalia mpaka mwisho. Haijui ulichokiangalia huku unalia, wala kwamba uliimaliza ile filamu kwa sababu mgonjwa alikuwa amekulalia mkononi hukutaka kusogea. Zaidi ya hapo, mashine haiweki heshima yake rehani. Rafiki akikwambia "tazama hii" ameweka. Kesho mtakutana, atakuuliza.

Na swali hilo la kesho ndilo linalokamilisha kazi. "Umeionaje?" Wapo wanaopendekeza filamu na kutoweka, kama waliokuwa wanajionyesha tu kwamba wameona. Fundi hurudi. Anataka kusikia, na zaidi anataka kusikia ulichokiona yeye asichokiona. Hapo ndipo mabishano matamu huanza, na sasa hakuna cha kufichana. Nina rafiki ambaye hatujakubaliana mpaka leo juu ya mwisho wa Nairobi Half Life. Yeye anaona Mwas amepata alichokitafuta. Mimi naona gharama aliyoilipa ni kubwa mno, na makofi yale ya mwisho yananiuma badala ya kunifurahisha. Tumeirudia mara kadhaa ili kila mmoja amshinde mwenzake. Hakuna aliyeshinda, ila kila tukiirudia anakuja na sehemu mpya ya kunionyesha, mkono wa mtu, mlango, namna Mwas anavyoangalia chini. Juzi kanitumia ujumbe kuhusu filamu nyingine kabisa. Ameandika jina lake, na chini yake: "Angalia viatu vya yule mama." Usiku huu naianza.