Neno la kuachilia

Katika PL/pgSQL, lugha ambayo Jan Wieck aliiandikia hifadhidata ya PostgreSQL na ikatoka na toleo la 6.4 mwaka 1998, kuna neno moja ninalolipenda kuliko yote: PERFORM.

Chukua funksheni ya kuweka kumbukumbu: nani amelipa, kiasi gani, saa ngapi. Inaingiza mstari kwenye jedwali, basi. Haina cha kurudisha, ndiyo maana kichwa chake husema RETURNS void. Inatenda na kwenda zake. Lakini ukiiita ndani ya funksheni nyingine kwa SELECT tupu, kazi husimama na unaambiwa kwamba matokeo hayana pa kwenda. Chini yake huja dokezo: kama nia yako ni kuyatupa, tumia PERFORM.

Naliheshimu sana katazo hilo. Lugha ingeweza kunyamaza na kumwaga kilichorudi. Badala yake inamtaka mwandishi akiri waziwazi kwamba anaachilia, ili atakayesoma baada ya miaka asijiulize kama kuna jibu lililosahaulika. Wapo wanaotangaza kigeu kisicho na kazi na kumimina humo kila kinachorudi. Programu itakubali, ila msomaji atakitafuta kigeu hicho hadi mstari wa mwisho.

Na PERFORM haitupi kila kitu. Andika PERFORM 1 FROM wanachama WHERE namba = n FOR UPDATE: mstari wa mwanachama unafungwa, mwingine asiubadilishe hadi muamala wako uishe, nawe hujabeba hata safu moja ya taarifa zake. Kisha itazame FOUND, inayosema kama kuna mstari uliopatikana. Ikiwa si kweli, mwanachama hayupo, na RAISE EXCEPTION itazuia kazi kabla senti haijahama. (Kwa funksheni ya void usiitegemee: hata utupu hurudi kama mstari mmoja, kwa hiyo FOUND huwa kweli.)

Tangu toleo la 11, mwaka 2018, zipo pia taratibu kamili, zinazoitwa kwa CALL na zinazoweza kufanya COMMIT katikati ya kazi. Nazitumia usiku, kufuta maelfu ya mistari ya zamani fungu kwa fungu. Lakini kabla ya kugusa salio la mtu bado naandika PERFORM, na chini yake IF NOT FOUND.