Msanii na Maana ya Kazi Yake: Fundisho la Kinjeketile

Kijana anayeanza kuandika mashairi au michezo ya kuigiza hakawii kukutana na swali gumu: naandika kwa ajili ya nini? Swali hili si la kijana huyo peke yake. Ni swali la itikadi, maana jibu lake huonyesha msanii anasimama upande gani.

Tangu Azimio la Arusha la 1967, majibu mawili yamesikika mara kwa mara. La kwanza linasema kuwa maana ya sanaa imo ndani ya nafsi ya msanii. Akijiridhisha mwenyewe, yatosha. Hii ni kasumba ya ubinafsi. Lugha anayoitumia ameipata kwa umma, na hata uchungu wake una chanzo katika jamii. Jibu la pili linasema kuwa kazi ya msanii ni kupokea uamuzi uliokwisha kutolewa na kuutia vina na mizani. Jibu hili hupendwa na sisi makada, na kwa sababu hiyo ndilo tunalopaswa kulichunguza kwa ukali zaidi.

Tusieleweke vibaya. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwataka washairi wasaidie kueneza siasa ya Ujamaa, na Mathias Mnyampala, aliyefariki 1969, aliitumikia kazi hiyo kwa ngonjera zake. Ngonjera ni majibizano: mmoja anabisha, mwingine anaeleza, mwisho wanaafikiana. Nguvu yake yote imo katika ubishi huo. Lakini baadaye ilitokea nini? Mara nyingi tuliuondoa ubishi tukabakiza sifa. Watoto wa shule walipangwa mistari kumsifu mgeni rasmi, tukapiga makofi, tukaandika katika taarifa kwamba elimu ya siasa imetolewa. Je, mkulima aliyesimama juani aliondoka na nini?

Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa 1969, inatuonyesha njia nyingine. Inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mwandishi mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wa mchezo si yule wa historia, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1905. Huyu ni kiumbe wa sanaa. Ndiyo maana tuna haki ya kumsoma kama mfano wa kila mtu anayeumba neno na kulitoa mbele ya watu.

Mchezo hauanzi na kaulimbiu. Unaanza na njaa. Wanawake wanazungumzia shida ya chakula, wakati nguvu za watu zinamalizwa katika mashamba ya mkoloni. Makabila yanatiliana shaka. Katika hali hiyo neno la maji linashika, kwa kuwa linajibu haja iliyopo, yaani haja ya umoja. Kinjeketile hakuutengeneza uchungu wa watu, aliupa umbo. Hilo ni somo la kwanza. Maana ya kazi ya msanii haishuki kutoka ofisini, wala haichimbwi katika nafsi iliyojitenga. Hupatikana pale kipaji cha mtu kinapokutana na haja ya umma.

Somo la pili ni chungu zaidi. Kinjeketile anatambua kuwa ndani ya ujumbe wake mwenyewe mna kosa: watu walioahidiwa kutoka mikononi mwa Mjerumani wameambiwa watakuwa chini ya Seyyid Said. Anashtuka. Anataka watu wangoje, nao hawangoji. Neno limekwisha kumtoka na limekua kuliko yeye. Watu wanazikabili bunduki wakiamini maji yatawakinga, na wanakufa. Hussein haufichi msiba huo. Mwandishi wa kupamba angetuonyesha ushujaa mtupu, nasi tusingejifunza lolote juu ya hatari ya imani isiyo na maandalizi, hatari ambayo Kitunda, anayetaka watu wafundishwe vita kwanza, anaiona mapema.

Hata hivyo, akiwa kifungoni, Kinjeketile anakataa kuyakana maji. Wako watakaosema kuwa anatetea uongo. Hatukubaliani nao. Anajua kwamba akikana, mtawala atawaambia watoto wa kesho kuwa wazee wao walikosea kupigana. Maji hayakuzuia risasi, lakini umoja uliozaliwa kwa ajili yake ulikuwa wa kweli, na haki ya kupigana ilikuwa ya kweli. Lawama yetu kwa tamthilia hii ni moja: mzigo wa shaka umebebwa mno na kiongozi mmoja, na umma wenyewe haupewi nafasi ya kutosha ya kujadili njia yake.

Basi tunamwambia nini msanii kijana? Asingoje kuagizwa, wala asijifungie chumbani. Aende penye njaa, penye ubishi, penye matumaini. Akubali pia kuwajibika kwa neno lake likishatoka, hata likimshinda nguvu. Na sisi makada tujiambie nini? Tuache kumpima msanii kwa wingi wa sifa anazotupa. Mchezo unaowafanya wanakijiji wabishane mpaka usiku kuhusu pembejeo zao, viongozi wao na ardhi yao umefanya kazi ya siasa kuliko ngonjera mia za kukaribisha wageni. Tukiuogopa ubishi huo, kosa si la msanii.