Uso Mkavu wa Daria

Mtazame Daria Morgendorffer anapozungumza. Kope zimeshuka nusu, mdomo unafunguka kiasi cha kupitisha maneno tu, mabega hayainuki. Katuni tulizozizoea humtoa mhusika macho akishtuka na kumdondosha taya akicheka. Huyu amekaa kama picha ya pasipoti. Ungedhani ni ubahili, maana kila mchoro wa ziada ni gharama. Mimi naona ndipo ufundi wote ulipo.

Daria alianza kama mhusika wa pembeni katika Beavis and Butt-Head, katuni ya Mike Judge, msichana mwenye akili aliyewapima wavulana wawili wasio nazo. Machi 1997 MTV ilimpa kipindi chake mwenyewe, kazi ya Glenn Eichler na Susie Lewis, kikaenda misimu 5 hadi 2002. Familia yake ikahamishiwa Lawndale, mji wa kubuni, na huko akapata mji mzima wa kuupima.

Sauti yake ni ya Tracy Grandstaff, naye anaisema sentensi kama anayesoma orodha ya bei. Haipandi mwishoni, haisisitizi neno. Wanaojua kupiga vijembe wataelewa: kijembe kikitolewa kwa sauti ya ukali kinageuka ugomvi, na anayelengwa anapata nafasi ya kujibu. Kikitolewa kwa upole, anabaki akijiuliza kama ametukanwa au la. Waandishi wa Daria walimwachia anayelengwa muda wa kujiuliza, kamera ikimtulia usoni.

Katika sehemu ya kwanza, Esteemsters, mwanasaikolojia wa shule anamwonyesha picha ya watu wawili na kumtaka aseme wanazungumza nini. Daria anajibu kwamba anaona kundi la farasi wazuri wa porini. Mama yule anamkosoa: ni watu wawili. Utani haumo katika farasi. Umo katika uso wa anayejibu, ambao haukubadilika hata kidogo, na ndiyo maana mtahini hajui aandike nini.

Utulivu huo ungechosha kama kila mtu angekuwa mtulivu. Kwa hiyo wakamzungushia watu wasiotulia. Mwalimu DeMartino hutokwa na jicho moja kila anapolivamia neno lisilostahili kuvamiwa. Quinn, mdogo wake, kazi yake ni mitindo na wachumba. Jambo la kupendeza ni kwamba Quinn, mama yao Helen na rafiki wa Daria, Jane, wote wametiwa sauti na mtu mmoja, Wendy Hoopes. Sikio lisilojua halishuku chochote.

Faida ya pili huonekana baadaye. Uso usiosogea ukisogea kidogo, ni tetemeko. Mashavu yakimwiva mbele ya Trent, kaka yake Jane, mtazamaji anashtuka kuliko angeshtuka kwa machozi ya mhusika mwingine. Msimu wa 4 ulipofikia busu kati yake na Tom, mpenzi wa Jane, hawakuhitaji kuongeza chumvi yoyote.

Doa lipo, ila haliko kwenye michoro. MTV ilitandaza nyimbo zilizokuwa zikivuma wakati huo chini ya matukio, mara nyingi wimbo wenyewe ukiwa utani wa pembeni. DVD zilipotoka 2010, gharama za haki za muziki zililazimisha karibu nyimbo zote zibadilishwe. Mazungumzo hayakudhurika, kwa sababu yanasimama juu ya sauti na ukimya. Viungo kati ya tukio na tukio ndivyo vilivyopwaya, na hilo linasikika.

Ukiipata Esteemsters, itazame mara mbili. Mara ya pili zima sauti, kisha umwangalie Daria na DeMartino darasani.